Neno Nililolitoa kwa Mtoto wa Bwana Mifugo

Wegesa,

Miaka yangu inafika sabini, na kama imeshapita sitashangaa, maana aliyekuwa anaihesabu ni mama yangu na yeye alihesabu kwa njaa. Mjerumani nimemwona akiondoka nikiwa mtoto. Mwingereza nimemwona akiondoka nikiwa mtu mzima. Sotoka ilipita ikafagia mazizi ya watu, mimi nikabaki na ng'ombe. Ndui ilinigusa hapa shavuni ikaniacha. Wake zangu wawili wametangulia. Wale niliotahiriwa nao hapa Butiama wamekwisha wote, nimebaki mimi, na meno ninayo. Sisemi haya kwa majivuno. Au ni kwa majivuno, lakini ni kweli.

Barua hii naandika mwenyewe, usifikiri nimeandikiwa. Kisomo nilikianza nina mvi. Wenzangu walikimbia ubao wakasema macho yanauma, mimi nikakaa mpaka nikapewa cheti. Herufi zangu ni kubwa na karatasi inakwisha haraka, ila kila moja imesimama kwa miguu yake.

Watu wakiandika barua ya namna hii wanaanza na mwanangu. Na mimi nilianza hivyo, nikachana. Kwenye karatasi ya pili nimeandika jina lako tu.

Leo mchana ulikuja. Nilikuwa nachonga mpini wa jembe, nikaona kivuli kimesimama kwenye mlango wa ua. Mtu wa nyumba yenu hajakanyaga ua wangu tangu mambo yale.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Nimechaguliwa kusomea ualimu. Naondoka kesho asubuhi, lori la pamba mpaka Bunda, halafu basi la Mwanza."

"Nimesikia. Kijiji kizima kimesikia."

"Huko wataniuliza baba yangu nani. Wenzangu wote wana la kujibu. Mimi niseme nani?"

Niliendelea kuchonga. Nikakwambia kaulize nyumbani kwenu.

"Nyumbani nimeuliza. Bibi amesema nikuulize wewe."

Hapo kisu kilisimama. Nikasema nenda, nitakuandikia. Ukacheka kidogo. "Mzee, si nyumba zetu zinatazamana?" Ukaondoka.

Zinatazamana, ni kweli. Lakini kwa mdomo nimeshawahi kulijibu swali hilo, na wewe ulikuwepo. Safari hii naandika, ili nipate nafasi ya kufuta.

Mambo ya kufua, ya kula, ya kuamka mapema, hayo mama yako atakwambia. Mimi jibu langu linaanzia mbali, linaanzia Musoma kabla hujazaliwa.

Unajua naitwa Mzee Main. Umekua ukisikia hivyo, labda ulidhani ni jina la ukoo. Ni neno la Kizungu. Linaandikwa mine, linasomwa main, maana yake yangu. Au wangu, au changu, au langu, au zangu, yote hayo ni hilo hilo moja, na mimi hapo ndipo liliponishika. Sisi kwa Kiswahili lazima ujue kwanza kitu chenyewe ni nini, ni mtu, ni jembe, ni kikombe, ndiyo ujue kusema. Hilo lao haliulizi. Unanyoosha kidole, basi.

Wa kwanza kulisikia kwetu ni baba yangu, kwa Mjerumani. Alibebeshwa mizigo mpaka bomani, na akirudi jioni alituigizia. Anajinyoosha, mkono kiunoni, anaelekeza fimbo mlimani: "Main!" Anaelekeza mtoni: "Main!" Tulicheka mpaka machozi. Mimi nilipokuja kulisikia tena kwa Mwingereza nikasema kumbe hawa ni ukoo mmoja. Watu wakanibishia. Halafu mwalimu wetu wa kisomo, Masatu, kijana wa Manyamanyama kule Bunda, akaja kusema mbele ya darasa kwamba niko sahihi. Waingereza wa kale walitoka upande ule ule wa Wajerumani, wakavuka maji kwenda kwenye kisiwa chao, na neno hilo walivuka nalo. Kwa hiyo lina umri mkubwa kuliko nchi yao. Na walipovuka maji mengine kuja huku, walilibeba tena.

Musoma nilikuwa mkamuaji kwa bwana mifugo, Mzungu. Hakuna aliyekamua kama mimi. Kulikuwa na ng'ombe mmoja aliyevunja ndoo za watu watatu, kwangu alisimama kama amelala. Yule bwana alikuwa na mtoto wa kiume, Joni, wa miaka kama mitatu, nywele nyekundu. Mama yake aliuguaga homa, basi mtoto anashinda zizini na mimi. Akishika kikombe, main. Mbwa, main. Nilimpelekaga Mwigobero kutazama mitumbwi ikishusha samaki, naye anasimama pale ukingoni, anaelekeza ziwa lote.

"Main!"

Wavuvi wanaangua kicheko. "Bwana mdogo, tuachie hata dagaa!"

Siku moja alikuja mtoto wa bwana mwingine, rika lake, akanishika mkono nimtembeze. Joni akaja mbio, akamsukuma mwenzake akaanguka, akanikamata kidole hiki cha shahada. "Main," akasema. Nilikuwa mtu mzima, nina mke na ng'ombe. Nikacheka.

Nikaenda kumuuliza mpishi, Salehe, mtu wa Tabora aliyejua Kizungu cha jikoni.

"Main hasa ni nini?"

"Ni yangu."

"Si bwana anasemaga mai? Mai hausi, mai kau."

"Mai inataka kitu kifuate nyuma yake. Main inakaa peke yake, haina haja ya mtu."

"Na yangu hii ya kwetu?"

Salehe akageuza chapati kwanza. "Yangu ya kwetu, mtu anaweza kukujibu. Hiyo ya kwao, ukishasema umemaliza."

Nikarudi Butiama nimelibeba. Asubuhi nasimama kwenye mlango wa zizi, ng'ombe wanatoka, nawagusa mgongoni na fimbo: main, main, main. Na unajua tunavyofugaga huku. Nusu yao walikuwa ng'ombe wa watu, wamewekwa kwangu, kama na mimi nilivyoweka wangu kwa watu Ikizu na Bunda, ili ugonjwa ukija usimalize zizi moja. Nao niliwagusa. Mwenye ng'ombe amesimama hapo hapo, anacheka. Ndipo wakaniita jina hilo.

Siku ya bendera nilikwenda Musoma kushangilia. Watu wanapiga kelele, nchi yetu, nchi yetu. Mimi nikapiga yangu, "Main!" Salehe alikuwa pembeni, akanivuta shati.

"Matiku, ya watu wengi siyo main. Ni awaz."

"Awaz siijui."

"Utaijua."

Karibu na siku hizo ndipo Nyanzige, huyo bibi yako, alipooa. Mume wake Wambura alikufa akamwachia ng'ombe wengi, mtoto hata mmoja hakuna. Akafanya kama wanawake wa kwetu wanavyofanya tangu zamani, ile tunaita nyumba ntobhu. Alitoa ng'ombe zizini kwake, akaoa mke. Ndiye mama yako Robi, aliyekuwa ameachana na mume wake wa kwanza. Watoto wa ndoa hiyo ni wa nyumba iliyotoa ng'ombe, na jina wanachukua la Wambura. Mwanamume wa kuzaa naye anachaguliwa, anakubali, na mwisho anaondoka mikono mitupu. Ndivyo ilivyo, na hakuna anayedanganywa.

Nilichaguliwa mimi. Nyanzige alikuja mwenyewe, na Robi yuko naye, maana naye aliulizwa akakubali.

"Matiku, nataka watoto warefu, wasiougua ovyo."

"Umefika penyewe."

"Mdomo wako ndio unanitia wasiwasi."

"Mdomo haurithiwi."

"Tutaona."

Tukanywa pombe ya mtama, tukaelewana mbele ya wazee. Ukazaliwa wewe, na baada yako hakufuata mwingine.

Wakati huo nyumba yenu ilikuwa ng'ambo ya kilima. Nilisikia tu habari. Wegesa ameota meno. Wegesa ametembea. Niliitikia kama mtu anavyoitikia habari za mvua iliyonyesha Tarime.

Halafu ikaja operesheni. Tukaambiwa tuhame tukae pamoja, nyumba zijengwe kwa mistari. Balozi wa nyumba kumi akapima na kamba, akachomeka vijiti. Kijiti changu kikatazamana na kijiti cha Nyanzige, barabara katikati. Ningeweza kuomba nibadilishiwe. Sikuomba.

Nikaanza kukuona. Unafagia asubuhi, unapiga mluzi. Ukichoka unasimama umeweka mguu mmoja juu ya goti la mwingine, kama korongo. Mama yangu alisimamaga hivyo. Watoto wangu wa kwa wake zangu ni watu wazima, wako Mwisenge, na wote nawajua, hakuna hata mmoja anayesimama hivyo.

Kwenye shamba la pamba la kijiji ndipo nilipoijua awaz ya Salehe. Nililima, na kuwashinda vijana niliwashinda, ila kila mstari nilioumaliza niliutazama nikasema kidogo kidogo, main. Walinisikia.

"Kabaila huyo!"

"Mzee Main, na funza wa pamba ni wako?"

"Yule mnene ni wangu."

Tulichekaga sana. Sikuwa na ugomvi na mtu, mpaka ule mkutano wa kujenga shule. Mwenyekiti anasimamisha watoto mmoja mmoja, mkubwa wake anaitika, anaambiwa tofali zake. Akaita Wegesa. Ukasimama, mguu gotini.

"Wa nani huyu?"

Nyanzige alikuwa anainuka na fimbo yake, taratibu, viungo vinamsumbua. Mimi nikawa nimeshasimama. Sikupanga. Nikakunyooshea kidole.

"Main."

Watu walicheka, walidhani ni mchezo wangu wa siku zote. Nikatafsiri. "Nimesema huyu ni wangu." Kicheko kikakatika.

Nyanzige akamaliza kuinuka. Hakuniita Mzee Main.

"Matiku. Lile dume lako jekundu limepanda ng'ombe wa nani na nani hapa?"

Nikajivuna, pumbavu mimi. "Wa kijiji kizima!"

"Na ndama wake, umekwenda zizi la nani ukasema huyu ni main?"

Nikashusha kidole.

"Robi nilimtolea ng'ombe mimi. Wewe ulimtolea nini?"

Mtu mmoja nyuma akasema, "Alimtolea Kizungu." Watu wakacheka tena, lakini kicheko kile kingine.

Wewe ulikuwa umesimama bado. Hakuna aliyekwambia ukae.

Wazee walinihukumu kondoo. Nimpeleke kwa Nyanzige, na mbele ya shahidi niseme neno langu nimelirudisha. Mpaka hapo nisikanyage ua wenu, wala ninyi wangu. Nikawaambia Matiku hajawahi kurudisha neno. Niliona nitawashinda kwa kukaa, maana kukaa nakuweza kuliko mtu yeyote.

Nikakaa. Ile mara ulipougua, ukabebwa kwa machela kupelekwa hospitali Musoma, nilikuwa nje hapa nasuka kamba. Machela ikapita mbele yangu. Mkono wako ulikuwa umening'inia. Mama yako alinitazama, nikaendelea kusuka. Sikuwa na hasira, wala huzuni sikuiona. Nilikuwa kama gogo. Hata sasa nikirudisha mawazo kwenye siku ile, ninachokisikia ni kamba kwenye vidole, basi. Uliporudi umepona nilikuona unafagia, nikaingia ndani nikalala. Hiyo ndiyo faida niliyoipata kwa kushinda.

Sikufundishi kitu. Wewe ndiye unayekwenda kusomea kufundisha. Ila neno hili nimekaa nalo kuliko mtu yeyote wa hapa, nitakwambia nilivyoliona. Linafaa kwa kikombe. Linafaa kwa viatu, kwa sanduku lako, na huko bwenini ulitumie, maana sabuni itatembea. Kwa kitu chenye miguu halikai. Wale ng'ombe niliowaita main, wengine walikwenda na ugonjwa, wengine na mahari za watoto, wengine wenyewe walikuja wakawachukua wakanishukuru. Joni aliyenikamata kidole, siku wanapanda meli kurudi kwao nilikwenda kuwasindikiza. Nilisimama pale mpaka mwisho. Hakugeuka, alikuwa anatazama ndege. Sikumlaumu. Alilitumia lilipomfaa, likaisha.

Mimi kwangu halikuisha. Nililishika baada ya kila mtu kuliacha, na nililishika mahali ambapo sikutoa hata ndama. Halafu nikaliita msimamo.

Leo ulipoondoka nilikaa na kile kisu. Nikaona kazi ni ndogo. Naandika baba yako ni Matiku, nakukabidhi barua, unapanda lori unakwenda na jina hilo. Nyanzige mwenyewe ameacha mlango wazi, amesema niulizwe mimi. Wazee walionihukumu nimewazidi umri wote. Huko Mwanza nani atabisha? Ningeshinda.

Nikaenda zizini nikakamata kondoo.

Wewe ulikuwa umekwenda kuaga shuleni. Nilivuka barabara nikaingia ua wenu. Nyanzige alikuwa anapeta mtama, hakuinua kichwa.

"Nani huyo?" Anaona vizuri sana. Alitaka tu nijitaje.

"Matiku."

"Matiku gani?"

"Jirani."

"Umeleta nini?"

"Kondoo."

"Mbona mdogo?"

"Yule wa siku zile alikufa kwa uzee."

Nilimsikia mama yako akicheka ndani. Nyanzige hakucheka. Balozi alikuwa anapita na baiskeli, akamwita aingie, akaniambia, "Sema basi."

Nikasema. "Neno nililolisema mkutanoni kwa huyu mtoto, nimelirudisha."

Nilidhani nitasikia kitu, labda moyo kuuma, labda mzigo kutua. Sikusikia kitu. Nilisikia njaa kidogo. Balozi akasema amesikia, akapanda baiskeli yake akaenda.

"Mfunge pale," Nyanzige akasema. Akapeta ungo mzima ndipo akaongeza, "Sanduku la mtoto ni zito. Kesho lori likija, una mabega bado?"

"Kuliko vijana."

"Mdomo ule ule," akasema.

Basi jibu lako ni hili. Ukiulizwa baba, sema Wambura, marehemu, wa nyumba ya Nyanzige, Butiama. Ng'ombe waliomleta mama yako walitoka zizini kwake. Jina hilo ni zima, limekungoja tangu kabla hujazaliwa, na hakuna wa kukunyang'anya. Usiseme hujui. Na langu usilitaje. Haya nimeyaandika kwa mkono wangu, hakuna aliyenilazimisha, na mimi silazimishwi, unajua. Wakikuuliza yule mzee aliyekubebea sanduku ni nani, sema jirani. Wakikuuliza urefu huo umeutoa wapi, hapo sema utakalo.

Nitalibeba sanduku mpaka kwenye lori. Sitasema kitu. Usinitegemee kulia, sijui kama nitaweza hata nikitaka. Uniamkie kama unavyowaamkia wazee wengine, nitaitikia.

Na kama mtu atabisha haya, hasa wale watoto wangu wa Mwisenge, ambao hawatapenda kusikia mzee wao amerudisha neno, mashahidi wapo. Habari za Wajerumani na kuvuka maji aulizwe Mwalimu Masatu, Manyamanyama. Za Joni na ziwa, wavuvi wakongwe wa Mwigobero wananikumbuka, ataje tu Matiku mkamuaji. Salehe amekufa, yeye hataweza. Za mkutano, kijiji kizima. Za kondoo, balozi wetu. Na kwamba kwa mama yako sikutoa ng'ombe hata mmoja, kwa hiyo kwako sina cha kudai, hilo shahidi wake ni Nyanzige. Aulizwe yeye kwanza, kabla yangu.

Matiku,
jirani yenu,
nyumba ya ng'ambo ya barabara.